Profesa wa Miaka Sitini na Minne

MIT, chuo cha ufundi na sayansi cha Boston, kilianza kufundisha uhandisi wa umeme mwaka 1882. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Februari 1883, Edith Clarke alizaliwa shambani katika jimbo la Maryland. Somo lile na mtoto yule walikua pamoja. Taa za umeme zikaenea mijini, tramu zikaacha farasi, mabwawa yakafungwa mitambo ya kuzalisha umeme, na vyuo vya uhandisi vikaongezeka Marekani nzima. Hata hivyo, ilibidi ufike mwaka 1947 ndipo chuo kikuu nchini humo kimpe mwanamke nafasi ya profesa wa uhandisi wa umeme. Chuo hicho kilikuwa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Mwanamke huyo alikuwa Clarke mwenyewe, naye alikuwa na miaka 64.

Wakati huo alikuwa mstaafu. Mwaka 1945 aliagana na kampuni ya General Electric, akanunua shamba kwao Maryland, akajaribu kupumzika. Kupumzika kukamshinda. Texas walipomwita, alifunga mizigo akaenda kufundisha, na akafundisha hadi mwaka 1956, alipokuwa na zaidi ya miaka sabini.

Wanaosimulia habari zake hupenda kupanga sifa za uanzilishi: wa kwanza hapa, wa kwanza pale. Sifa hizo ni za kweli na nyingine nitazitaja, lakini zikirundikwa pamoja zinamfanya aonekane kama mhandisi aliyeangukia ualimu uzeeni, baada ya kazi halisi kwisha. Mimi naona kinyume. Clarke alianza kazi akiwa mwalimu, akaurudia ualimu katikati ya safari, akamalizia kwa ualimu. Hata ile miaka zaidi ya ishirini aliyokaa kiwandani akiitwa mhandisi, kazi zake zilizodumu ni zile zilizomwezesha mtu mwingine kupiga hesabu ambayo jana yake ilimshinda.

Alikuwa mmoja kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mwanasheria na mkulima. Alipofika miaka 12 baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, naye akalelewa na ndugu. Fungu lake la urithi hakulinunulia ardhi. Alilipia masomo katika Chuo cha Vassar, chuo cha wanawake katika jimbo la New York, akasoma hisabati na elimu ya nyota, akahitimu mwaka 1908. Uchaguzi wa chuo ulikuwa na maana. Profesa wa kwanza wa elimu ya nyota pale Vassar alikuwa Maria Mitchell, yule aliyeivumbua nyota ya mkia mwaka 1847. Kwa hiyo msichana aliyeingia Vassar hakuhitaji kuthibitishiwa kwamba mwanamke anaweza kusimama ubaoni na kufundisha hesabu ngumu. Alilikuta jambo hilo likiendelea.

Baada ya Vassar alifundisha hisabati na fizikia, kwanza katika shule ya binafsi mjini San Francisco, halafu katika Chuo cha Marshall, West Virginia. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa wazi kwa mwanamke mwenye digrii ya hisabati. Alichotaka hasa ni uhandisi. Mwaka 1911 aliacha kufundisha, akajiandikisha kusoma uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alikaa mwaka mmoja. Likizo ya 1912 ikamkuta New York, katika kampuni ya simu ya AT&T, akipiga hesabu za Dakta George Campbell, na hakurudi Wisconsin.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana kazi hiyo imetoweka duniani. Kabla ya mashine za kukokotoa, kampuni kubwa ziliajiri watu, wengi wao wanawake waliosoma hisabati, ili wawapigie wahandisi hesabu. Mhandisi aliandika mlinganyo, nao wakaugeuza kuwa tarakimu, mstari kwa mstari, kwa kalamu, majedwali ya logi na rula ya hesabu. Kosa moja likiingia saa tatu asubuhi lingeweza kuharibu kazi ya siku nzima. Campbell alikuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya zama zile, akichunguza namna sauti inavyosafiri katika waya mrefu bila kufifia. Mwaka 1915 AT&T ilifungua laini ya simu kutoka New York hadi San Francisco, kutoka bahari hadi bahari, na ushindi wa namna ile ulisimama juu ya milima ya hesabu zilizopigwa na watu ambao hakuna aliyewapiga picha.

Clarke aliipenda kazi. Miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa akiongoza kundi la wanawake wapiga hesabu na kuwafundisha mbinu zake. Jioni alihudhuria masomo: redio katika Chuo cha Hunter, uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia. Jambo moja halikubadilika. Aliyejua kuuliza swali aliitwa mhandisi, na aliyejua kulijibu aliitwa mpiga hesabu. Mwaka 1918 aliacha mshahara wa AT&T, akaenda MIT. Mwaka 1919 alitunukiwa shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya fani hiyo katika chuo hicho.

Akatafuta kazi ya uhandisi, hakuipata.

Ana shahada ya MIT mkononi, miaka sita ya hesabu za laini za simu kichwani, na umeme wa Marekani ulikuwa unapanuka kwa kasi kiasi kwamba kampuni zilihitaji watu kila siku. General Electric, pale Schenectady, ilimpa kazi ileile aliyoiacha: kusimamia wanawake wapiga hesabu, safari hii katika idara ya turbaini. Kundi lake lilikokotoa nguvu zinazovuta na kukandamiza chuma cha rota inayozunguka kwa mwendo mkali. Cheo hakikuwa cha mhandisi, wala malipo hayakuwa ya mhandisi.

Aliifanya kazi ya turbaini, na pembeni akashughulikia tatizo la idara nyingine. Umeme unaposafirishwa mbali, waya haubaki kuwa waya tu. Kila kilomita yake ina ukinzani unaokula nguvu, ina tabia ya sumaku, na ina uwezo wa kuhifadhi chaji kati yake na ardhi. Laini ikiwa fupi unaweza kuvijumlisha vyote mahali pamoja. Ikiwa ndefu huwezi, kwa kuwa vimetapakaa njia nzima, na milinganyo inayotokea ina fomula za haipaboli ambazo kuzikokotoa kwa mkono ni adhabu. Clarke alibuni chombo cha grafu: mhandisi anaweka takwimu za laini yake, anasoma jibu kwenye chati, basi. Ilielezwa kwamba chombo hicho kilifanya kazi mara kumi upesi kuliko njia za awali. Aliomba hataza mwaka 1921, akaipata mwaka 1925.

Ukikitazama vizuri chombo hicho unamwona mwalimu. Hesabu zile Clarke alizimudu mwenyewe bila msaada. Alikitengeneza kwa ajili ya mhandisi wa kawaida, aliyesoma haipaboli chuoni na kuisahau, ambaye Jumatatu asubuhi anatakiwa kusema kama laini itabeba mzigo au haitabeba.

Mwaka huohuo wa 1921 alichoka kungoja. Aliacha General Electric, akavuka bahari kwenda kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake cha Constantinople, mji tunaouita leo Istanbul, nchini Uturuki. Chuo kilikuwa ng'ambo ya Ulaya, ukingoni mwa mlangobahari wa Bosporus. Mji wenyewe ulikuwa umekaliwa na majeshi ya washindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na dola ya Waosmani ilikuwa inakata roho. Mwanamke wa miaka 38 anakwenda huko peke yake kufundisha fizikia! Waandishi wengi huupitia mwaka huo kama likizo ndefu. Mimi nauona ndio mwaka aliopiga kura kwa miguu. Schenectady alikuwa msimamizi wa wapiga hesabu. Constantinople alisimama mbele ya darasa kama mtu anayeijua fani yake.

Aliporudi mwaka 1922, General Electric ilimwajiri kama mhandisi wa umeme katika idara iliyoshughulikia mitambo na gridi za umeme. Kwa kumbukumbu zilizopo, ndiye mwanamke wa kwanza Marekani kuajiriwa rasmi kwa cheo hicho. Alikuwa karibu afike miaka arobaini.

Ili kuelewa alichokifanya miaka iliyofuata, lazima tuingie kidogo ndani ya gridi. Jenereta zote zilizounganishwa kwenye gridi moja sharti zizunguke kwa mapigo mamoja ya umeme, hata kama moja iko kwenye bwawa milimani na nyingine iko pwani. Zinashikana kupitia waya. Kadiri unavyosukuma umeme mwingi zaidi katika laini ndefu, ndivyo rota za upande unaotuma zinavyozidi kuzitangulia za upande unaopokea. Kuna kikomo. Ukikipita, zinaachiana mwendo, swichi za usalama zinafunguka moja baada ya nyingine, na miji inazama gizani. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kusikia tangazo la hitilafu katika gridi ya taifa anafahamu matokeo yake, hata kama hajawahi kuelezwa chanzo.

Tarehe 8 Februari 1926, Clarke alisimama mbele ya mkutano wa taasisi ya wahandisi wa umeme wa Marekani, AIEE, akasoma karatasi juu ya utulivu wa mifumo ya kusafirisha umeme. Hakuna mwanamke aliyewahi kusoma karatasi yake katika mkutano mkuu wa taasisi hiyo. Alionyesha jinsi ya kukokotoa umeme mwingi kabisa ambao laini inaweza kuubeba kabla gridi haijayumba, na hesabu yake ilihusisha mfumo mkubwa kama ulivyo, pamoja na tabia ya laini ndefu. Swali hilo halijazeeka. Tanzania ilipojenga laini ya kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kwa msongo wa kilovoti 400, wapangaji wake walilazimika kuuliza lilelile: tusukume megawati ngapi, na tukomee wapi? Kompyuta ndiyo inayotoa majibu siku hizi, lakini swali ni la miaka ya 1920.

Kazi yake nyingine kubwa inahusu fezi tatu. Umeme wa gridi husafiri katika nyaya tatu kwa zamu. Anayewajua wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja ameshaelewa nusu ya somo: kila mmoja ana mchi wake, wa kwanza anaposhuka wa pili yuko njiani na wa tatu yuko juu, na michi haigongani kwa sababu nafasi kati ya pigo na pigo haibadiliki. Fezi zikienda hivyo, mhandisi hana taabu. Anapiga hesabu ya mmoja, na wawili waliobaki ni nakala yake iliyochelewa kidogo. Mmoja akiteleza, mambo yanaharibika. Tawi linaangukia waya mmoja, au radi inapiga nguzo, fezi moja inashuka na mbili zinabaki juu, na sasa una hesabu tatu zilizosokotana.

Mwaka 1918, Charles Fortescue wa kampuni ya Westinghouse alionyesha kwamba fezi tatu zisizolingana, vyovyote zilivyo, zinaweza kugawanywa kuwa makundi matatu ambayo kila moja linalingana lenyewe: moja linafuata zamu ya kawaida, la pili linafuata zamu ya kinyume, la tatu linakwenda kwa pamoja bila zamu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Ulikuwa pia mchungu kwa watumiaji, kwa kuwa ulidai namba changamano kila hatua. Clarke aliupanua na kuutafutia sura nyepesi. Katika matatizo mengi, aliona, unaweza kuzigeuza fezi tatu kuwa vijenzi alivyoviita alfa, beta na sifuri. Alfa na beta vimekaa kwa pembe mraba. Sifuri hubeba kile kinachofanana katika fezi zote, na fezi zikilingana hutoweka. Kugeuza huko kunahitaji kuzidisha na kujumlisha namba za kawaida tu. Alilichapisha wazo hilo katika jarida la General Electric mwaka 1938.

Nani angedhani kwamba njia iliyobuniwa ili kuokoa muda wa watu wenye kalamu ingekuja kufaa zaidi kwenye mashine? Miongo kadhaa baadaye, vidude vya kielektroniki vilipoanza kuendesha mota za fezi tatu, vilihitaji kupima mikondo mitatu na kuigeuza kuwa miwili mara maelfu kwa sekunde. Hesabu rahisi ya Clarke ilikuwa inangoja. Mara nyingi huunganishwa na nyingine ya Robert Park, ambaye naye alikuwa mhandisi wa General Electric, iliyochapishwa mwaka 1929. Zote mbili zimo katika udhibiti wa mota za magari ya umeme na katika inveta zinazounganisha umeme wa jua au upepo na gridi.

Tuzo zilikuja: karatasi bora ya kanda ya AIEE mwaka 1932, karatasi bora ya kitaifa mwaka 1941. Nisikawie nazo. Lililo na uzito zaidi ni kwamba ndani ya kampuni Clarke alikuwa akiwafundisha wahandisi wengine, na maandalizi ya masomo hayo yakawa kitabu. Juzuu ya kwanza, juu ya uchambuzi wa saketi katika mifumo ya umeme wa mkondo geu, ilitoka mwaka 1943. Ya pili mwaka 1950, alipokuwa tayari Texas. Kizazi kizima cha wahandisi wa gridi kilijifunzia humo. Si kitabu cha kusomea kitandani. Ni kitabu cha mtu anayejua mahali hasa mwanafunzi atakapokwama, na anayemngojea hapo.

Kwa hiyo Texas hawakumwajiri mtu wa kujaribu ualimu. Walimwajiri mwalimu ambaye wahandisi wa Marekani walikuwa wakisoma maandishi yake. Mwaka mmoja baada ya kufika, 1948, AIEE ilimpa daraja la ushirika wa juu, ambalo halikuwahi kutolewa kwa mwanamke. Nisiseme kwamba hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa profesa katika uhandisi kwa jumla, maana Lillian Gilbreth, mtaalamu wa utendaji kazi viwandani, alikuwa profesa Purdue tangu 1935. Katika uhandisi wa umeme, Clarke alikuwa peke yake.

Alipohojiwa na gazeti la wanafunzi la Texas, alisema kwamba hakuna mahitaji ya wahandisi wanawake kwa kuwa tu ni wanawake, kama yalivyokuwepo ya madaktari wanawake, lakini siku zote kuna mahitaji ya mtu anayeweza kufanya kazi nzuri. Maneno hayo yanapendwa sana, na ninaelewa kwa nini. Yana heshima, hayalalamiki. Ila kwa ruhusa ya Profesa mwenyewe, maisha yake hayayaungi mkono. Mwaka 1919 kazi yake ilikuwa nzuri, shahada ilikuwa nzuri, na mahitaji hayakuonekana. Ilibidi aondoke, avuke bahari, arudi, ndipo kampuni ilipoandika neno mhandisi karibu na jina lake. Kutoka Vassar hadi kuajiriwa kwa cheo hicho ni miaka 14, na kutoka hapo hadi uprofesa ni miaka 25 mingine. Wanaume wenye uwezo nusu ya wake hawakusubiri hivyo. Wanaomnukuu ili kuwaambia wasichana wafanye bidii tu na mlango utafunguka, wamesoma maneno yake wakaacha kusoma tarehe.

Chama cha wahandisi wanawake wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilimpa tuzo yake ya mafanikio mwaka 1954. Alistaafu mara ya pili mwaka 1956, akarudi Maryland, akafariki tarehe 29 Oktoba 1959. Mwaka 2015 aliingizwa katika orodha ya taifa ya wavumbuzi mashuhuri wa Marekani, kwa sababu ya kile chombo cha grafu cha mwaka 1921.

Mwanafunzi wa umeme leo hukutana na jina Clarke kama anavyokutana na Ohm au Kirchhoff: jina la ukoo lililobandikwa kwenye fomula. Kwa hiyo nina ombi kwa wote wanaofundisha fezi tatu, chuo kikuu au chuo cha ufundi. Mnapofika kwenye alfa, beta na sifuri, kabla ya kufuta ubao, waambieni wanafunzi kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Edith.